Mazoezi ya mtoto mwenye misuli dhaifu kwa njia ya mchezo: mwongozo kamili wa nyumbani

Karatasi ya hospitali inasema: nyoosha mguu, rudia mara 10, kutwa mara mbili. Mama anafika nyumbani, anamlaza mtoto kitandani, anaanza kuhesabu. Akifika 4 mtoto analia. Akifika 6 bibi mtu yuko mlangoni: "Muache mjukuu wangu, unamuonea!" Wiki ya pili karatasi iko chini ya godoro na hakuna anayeiulizia.

Malalamiko ya namna hii yanatoka Wete, yanatoka Micheweni, yanatoka Makunduchi na Ng'ambo, na karibu yote yana chanzo kimoja. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu hafanyi mazoezi, anacheza. Ukitaka misuli yake ifanye kazi, ifiche kazi hiyo ndani ya mchezo, kisha uache kabla hajachoka. Mengine yote hapa chini ni namna ya kuyafanya mambo hayo mawili.

Mwongozo huu ni wa watoto wa miezi 12 hadi 36 ambao daktari ameshasema kuwa udhaifu wao unatokana na misuli yenyewe au na mishipa ya fahamu inayoiendesha misuli hiyo. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye viungo vyake vimekakamaa anahitaji mpango mwengine. Na hata kwa mtoto anayehusika, haya ni ya kujaza siku zilizo baina ya kliniki moja na nyengine. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo akikwambia hatua fulani isifanywe kwa mwanao, iruke.

## Nani asianze leo

Mtoto ambaye bado hajaonwa. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, watoto karibu wote wenye afya hukaa bila kushikwa kabla ya kutimiza miezi 10 na hutembea wenyewe kabla ya miezi 18. Aliyepita hapo asisubirishwe kwa maneno ya "hata babake alichelewa." Unguja nenda Mnazi Mmoja. Pemba anzia hospitali ya Chake Chake, Wete au Abdalla Mzee, Mkoani, uulizie huduma ya mazoezi ya viungo.

Mtoto aliyekuwa mzima na miguu au mikono ikalegea ghafla, ndani ya saa au siku chache. Huyu ni wa hospitali siku hiyo hiyo. Usishangae ukiombwa choo chake mara mbili, kwa kupishana saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu udhaifu uanze. Ndivyo polio inavyochunguzwa kwa kila mtoto wa chini ya miaka 15 anayelegea ghafla.

Pia ahirisha kama ana homa, kama anapumua kwa kasi na mbavu zinaingia ndani, kama anapaliwa kila anapokunywa, au kama amepoteza jambo alilokuwa akiliweza mwezi uliopita. Haya yanataka daktari kwanza.

## Vitu vya kuwa navyo

Hakuna haja ya kununua kitu cha maana.

- Mkeka na kitu laini cha kutandika chini yake. Godoro laini halifai kuchezea, kwa sababu mtoto anazama na kila mjongeo unamgharimu mara mbili.
- Kanga kuukuu nne au tano za kukunja ziwe mito ya duara.
- Beseni pana ambalo mtoto anaweza kukaa ndani.
- Kigoda, na boksi gumu au stuli ya kuwa meza yake. Usitumie mbuzi ya kukunia nazi kwa kuwa tu ni fupi, ile ina meno.
- Vitu vya kuchezea vilivyo vyepesi: kawa ya rangi, upawa mdogo, kipande cha sponji, chupa tupu ya maji yenye punje chache za mchele na kifuniko kilichokazwa barabara.
- Kioo kisichovunjika, au simu iliyowashwa kamera ya mbele.
- Mafuta ya nazi.
- Daftari.

Komwe za bao ziweke mbali, na betri zile ndogo za mviringo mbali zaidi. Mtoto mwenye misuli dhaifu hana kikohozi cha nguvu cha kutoa kilichomkwama.

## Hatua ya 1: Chagua saa, kisha punguza dakika

Cheza naye akiwa ameamka vizuri na tumbo halijajaa, nusu saa au zaidi baada ya kula. Asubuhi ndiyo bora kwa watoto wengi, maana nguvu hupungua siku inavyosonga. Mwezi wa Ramadhani familia huhamisha kila kitu usiku. Mchezo wa mtoto uache palepale asubuhi, hata kama wewe una usingizi.

Dakika 5 hadi 10, mara tatu au nne kwa siku, zinatosha. Robo tatu ya saa kwa mkupuo mmoja inadhuru. Misuli hii huchoka upesi na kurudi kwake ni polepole, na ile fikra ya vijana wa jimu kwamba misuli iumie ndipo ikue haimhusu mtoto huyu hata kidogo.

Alama za kuchoka huja kabla ya kilio: kichwa kinaanza kuanguka mbele, mguu unatetemeka, mtoto aliyekuwa akipiga kelele ananyamaza, au kitu alichokuwa akikifikia sasa anakitazama tu. Hapo acha. Usiseme "mara moja ya mwisho."

Kesho yake muangalie tena. Akiamka mnyonge kuliko jana, au analia ukimgusa mapaja, ulizidisha. Kata muda kwa nusu. Na mkojo ukiwa na rangi ya chai ya mkandaa, usingoje kesho. Hiyo inaweza kuwa ni misuli inayovunjika na mabaki yake yanapita kwenye figo, hivyo mpeleke hospitali.

Umefanikiwa katika hatua hii siku mchezo utakapokwisha naye bado anautaka.

## Hatua ya 2: Kiwiliwili kwanza, mikono baadaye

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote. Mtoto anapewa kitu akikamate kwa mkono, hakishiki, mama anasema "mikono yake haina nguvu." Mara nyingi mikono ina nguvu kidogo, lakini yote inatumika kumzuia asianguke. Ukikishika kiwiliwili chake, mikono inafunguliwa kazi hiyo na inaanza kucheza.

Mkalishe ndani ya beseni kavu. Makalio yaguse ukuta wa nyuma wa beseni. Ziba nafasi za kushoto na kulia kwa kanga zilizokunjwa mpaka mbavu zishikwe bila kubanwa. Weka kanga nyengine chini ya mapaja kwa mbele ili asiteleze. Kisha mletee boksi mbele, kimo chake kifikie chini kidogo ya kifua, viwiko vyake vilale juu yake.

Kwa nini viwiko vilale? Kwa sababu kuunyanyua mkono mzima hewani ni kazi kubwa kwake, lakini mkono uliolala juu ya meza unaweza kuteleza, kusukuma, kufinya na kupindua. Mpe sponji yenye maji aikamue. Mpe unga kidogo auchore kwa kidole. Weka kawa juu ya upawa, aiteleze auone.

Usimuweke kwenye baraza na beseni lake, hata kwa dakika ya kufungua mlango. Akiinama upande mmoja, hana nguvu ya kujirudisha.

Dalili nzuri: anageuza kichwa kukutazama bila ya mwili mzima kufuata, na mikono miwili inakutana katikati. Ukiyaona hayo, toa kanga moja ya ubavuni kwa dakika moja, halafu irudishe.

## Hatua ya 3: Mchezo wa kulala ubavu

Kwa mtoto ambaye bado hawezi kukaa hata kwa beseni, huu ndio uwanja wake. Mlaze ubavu juu ya mkeka, mgongo uegemee kanga iliyokunjwa, kichwa kiwe juu ya kitambaa ili shingo inyooke, na kanga nyembamba baina ya magoti. Vitu vya kuchezea viweke usawa wa kifua chake.

Akilala chali, anautupa mkono juu dhidi ya uzito wake. Akilala ubavu, mkono unateleza sambamba na sakafu na uzito haumpingi sana. Mtoto ambaye chali hakufanya kitu, ubavuni utamuona anaburura chupa ya mchele na kuisikiliza. Mama mmoja wa Konde alifikiri mwanawe amepata nguvu usiku mmoja. Alikuwa amelazwa vizuri, basi.

Badilisha ubavu kila mchezo, la sivyo uti wa mgongo utazoea kupinda upande mmoja.

Halafu jambo la akili. Mtoto mwenye SMA, kwa mfano, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha mishipa ya fahamu inayoendesha misuli, mwili umelegea lakini akili iko macho kabisa. Usimpe wa miaka miwili kayamba la mtoto mchanga kwa kuwa hakai. Mpe kazi ya umri wake: achague kanga ipi mama avae, amtafute paka aliyefichwa chini ya kawa, apange "chakula cha wageni."

## Hatua ya 4: Kifudifudi, kwa anayeweza

Kifudifudi hujenga shingo na mgongo, lakini sakafuni wengi hukichukia. Mlaze juu ya kifua cha babake aliyeegemea mito, mwinuko kiasi cha nusu kulala. Kadiri baba anavyokaa wima zaidi, ndivyo kunyanyua kichwa kunavyokuwa rahisi. Anza wima, na ushuke kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Uso wa baba ndio kitu cha kuchezea.

Mtoto anayepumua kwa tumbo zaidi ya kifua asilazwe hivi mpaka mtaalamu aseme. Tumbo likikandamizwa, pumzi inakosa njia.

## Hatua ya 5: Kunyoosha, wakati wa mafuta

Misuli isiyotumika hufupika. Kisigino kinaanza kupanda juu, goti halinyooki, na siku mtoto akipata nguvu za kusimama, mguu hautui chini. Ndiyo maana kunyoosha hakuachwi, na ndiyo maana ile karatasi ya hospitali ilikuwa na haki. Ilichokosa ni wakati. Wakati wake ni baada ya kuoga, mwili una joto, mafuta ya nazi yako mkononi na mtoto ameshazoea kuguswa.

Kifundo cha mguu kinashikwa hivi. Mkono mmoja utulize muundi, juu ya kifundo. Kiganja cha mkono wa pili kikikumbatie kisigino, na unyayo ulale juu ya mkono wako. Vuta kisigino kwa chini taratibu, kisha acha mkono wako uusukume unyayo kuelekea kwenye muundi. Goti libaki limenyooka. Shikilia kwa ubeti mmoja wa wimbo, kama sekunde 20 hadi 30, halafu achia. Rudia mara tatu au nne kila mguu. Siku 4 hadi 6 kwa wiki zinatosha.

Kosa linalojirudia ni kusukuma vidole. Ukisukuma vidole, unyayo unavunjika katikati na kisigino hakijaenda popote. Mguu unaonekana umepinda vizuri kumbe msuli ule mfupi wa nyuma haujaguswa.

Uso wake ndio kipimo chako. Akikunja uso, umefika mbali mno, rudi nyuma kidogo. Unatafuta mvuto, hutafuti maumivu.

Baada ya miguu, fungua viganja na unyooshe viwiko, kwa upole ule ule. Mtoto akilala chali na miguu ikatanuka kama ya chura, weka kanga zilizokunjwa nje ya mapaja yote mawili ili magoti yatazame juu. Fanya hivyo hata akilala usiku.

Bibi mtu mpe kazi hapa. Wazee wetu wana mikono mizuri ya kuchua, na anayeshirikishwa hasimami mlangoni kulalamika. Muoneshe kisigino, mwambie nguvu ni ya kupaka mafuta tu. Lakini kumning'iniza mtoto kwa mikono, kumvuta viungo mpaka vilie, au kumfukia mchangani hadi kiunoni ili "miguu ikaze," hayo yakatae kwa adabu na kwa msimamo. Bega la mtoto aliyelegea linaweza kuchomoka kwa kuvutwa mara moja tu.

Kwa sababu hiyo hiyo, usimnyanyue kwa kumshika kwapa, maana huteleza katikati ya mikono. Mkono mmoja chini ya makalio, mmoja nyuma ya mgongo.

## Hatua ya 6: Kusimama dede

Usianze bila ya ruhusa ya mtaalamu. Ukiipata, anza juu, usianze chini. Mkalishe juu ya paja lako ukiwa kwenye kiti, miguu yake ikanyage sakafu sawasawa, kiti cha juu kiasi kwamba makalio yake yawe juu kuliko magoti yake. Mbele yake kiwepo kitanda au meza yenye kitu anachokitaka. Mshike nyonga, umuegemeze mbele, umngoje. Kungoja ni kugumu. Hesabu moyoni hadi 10 kabla ya kumsaidia, kwa sababu misuli hii hukawia kuitikia, na mama mwenye haraka humalizia kazi kabla mtoto hajaianza.

Akishasimama, goti lako lizuie magoti yake kwa mbele, na mwache acheze juu ya kitanda. Dakika mbili ni nyingi kwa kuanzia. Uzito unaopita kwenye miguu huilisha mifupa na kuitengeneza nyonga, hata kama hatatembea leo wala mwakani.

Kwa anayepiga hatua, chimbia fito mbili sambamba uani, kimo cha kati ya kiuno na kifua chake, zisuguliwe zisiwe na vibanzi. Mwisho wa fito weka ndoo, mwanzoni weka mawe makubwa matatu ya rangi. Anasafirisha "karafuu" bandarini, jiwe moja kwa safari. Safari tatu, duka limefungwa.

Mtoto wa kiume mwenye Duchenne, ugonjwa wa kurithi unaoharibu misuli yenyewe, ana sharti lake: asifundishwe kuruka kutoka juu, kuchuchumaa na kuinuka mara kwa mara, wala kushuka ngazi kama mchezo. Kuteremka hulazimisha msuli ufanye kazi huku unavutwa, na msuli wake huchanika katika kazi hiyo hasa. Mashavu ya miguu yake yaliyonona yasikudanganye kuwa ni nguvu.

Watoto wengi hapa kwetu humuiga baba anaposali. Tumia nafasi hiyo. Kupiga magoti na kuinama na viganja chini ni zoezi kamili la mabega na nyonga, na hakuna aliyemlazimisha. Ila kuinuka kutoka sijda ndiko kuzito, hapo mtie mkono wa nyonga.

## Hatua ya 7: Maji

Ndani ya maji mwili hupoteza sehemu kubwa ya uzito, na mguu usioinuka mkekani unapiga teke. Jambiani na Bwejuu maji yakipwa huacha vidimbwi vilivyopashwa na jua. Pwani nyingi za Pemba zina mikoko na matope, kwa hiyo beseni kubwa la maji ya vuguvugu uani linatosha, yapimwe kwa kiwiko.

Baharini dakika 10. Maji yetu ya Agosti yana takriban nyuzi 25 au 26, baridi kwa mtoto asiyeweza kujipasha moto kwa kujongea. Midomo ikibadilika rangi, toka. Panga kuingia maji yakiwa yamepwa na bado hayajaanza kujaa, hasa siku za bamvua.

Mmoja amshike mtoto, mkono chini ya kichwa na mabega, na asifanye kitu chengine. Mwengine ndiye wa kucheza. Maboya ya shingoni usinunue. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari juu ya kuyatumia kwa watoto wachanga, na ikawataja hasa wenye SMA na mahitaji maalumu.

## Hatua ya 8: Mchezo wa pumzi

Fupi hii, lakini usiiruke, maana mafua ya kawaida kwa mtoto huyu hugeuka kuwa ya kifua upesi. Aimbe, acheke kwa sauti, apulize povu la sabuni, apulize kipande cha usufi kivuke meza. Mara tano au sita, kisha pumzika. Kizunguzungu ni alama ya kuacha. Puto usimpe, likipasuka vipande vyake huziba koo.

## Hatua ya 9: Daftari na kliniki

Kila Ijumaa andika mistari mitatu: jambo alilofanya bila ya msaada, jambo lililomchosha, na kimo cha kisigino goti likiwa limenyooka (kinatua chini au hakitui). Mara moja kwa mwezi mpige video fupi akikaa, pembe ile ile, nguo ndogo ili mgongo uonekane. Mtaalamu atasoma zaidi kwenye video hiyo kuliko kwenye dakika kumi za mtoto anayelia mbele ya mgeni.

Usitegemee mstari wa kupanda tu. Kwa baadhi ya magonjwa haya, kubaki palepale kwa mwaka ni matokeo mazuri sana, na kisigino kinachotua chini ni ushindi hata kama hatua hazijaja.

Kwenye jalada la daftari andika jina la ugonjwa kwa herufi kubwa, na chini yake: MISULI DHAIFU, DAKTARI WA USINGIZI AAMBIWE. Siku ya kumtahiri, au upasuaji wowote, lionyeshe kabla hajachomwa kitu. Zipo dawa za usingizi ambazo kwa mtoto mwenye Duchenne na magonjwa ya jamaa yake zinaweza kuusimamisha moyo, na daktari akijua mapema ana nyengine za kutumia.